Mikoa ya vijijini Ufaransa kama Creuse: ifutwe au iachwe?

MLETA MADA:
Wakuu, habari za wakati huu. Kila Ufaransa inapotafuta pa kubana matumizi, hoja moja hufufuka: kufuta département, ngazi ya utawala iliyo kati ya halmashauri za vijiji na kanda. Hapa nitaiita mkoa tuelewane. Tume ya serikali iliyoongozwa na mchumi Jacques Attali ilipendekeza hivyo mwaka 2008. Mwaka 2014 Rais François Hollande naye alitangaza kwamba mabaraza ya mikoa yataondoka, kisha akarudi nyuma. Mimi nasema yabaki, na natetea kwa kutumia mkoa ambao ukiusoma kwenye karatasi ndio wa kwanza kustahili kufutwa.

Creuse iko katikati ya nchi, kwenye miinuko ya Massif Central upande wa magharibi. Ina kilomita za mraba 5,565 na watu wasiofika 120,000. Kwa Ufaransa ya bara ni Lozère tu yenye watu wachache zaidi. Guéret, makao makuu, ni mji wa watu kama 13,000. Kinachoonekana ni malisho, ng'ombe wa nyama, misitu na nyumba za mawe ya itale, nyingi zimefungwa madirisha. Mwaka 1851 mkoa huuhuu ulikuwa na watu 287,000.

Walikwenda wapi? Paris. Ardhi ya Creuse haina rutuba, hivyo kila mwanzo wa machipuko wanaume walifunga safari kwa miguu kwenda kujenga majumba ya jiji kuu, na baridi ikiingia wanarudi na akiba. Wanawake ndio walioendesha mashamba. Martin Nadaud aliondoka hivyo mwaka 1830 akiwa kijana wa miaka 14, akawa fundi mwashi, mwaka 1849 akaingia bungeni, akakimbilia uhamishoni Uingereza baada ya mapinduzi ya Louis-Napoléon Bonaparte ya 1851, na mwaka 1870 akarudi kuwa mkuu wa mkoa wake mwenyewe. Reli ilipofika, watu wakaanza kwenda jumla. Kwa hiyo anayeniambia "hapo hapana watu" namwuliza: Paris imejengwa na nani?

Sasa tuje kwenye hoja. Mikoa iliundwa mwaka 1790, na kipimo kilikuwa kwamba mwananchi aweze kufika makao makuu kwa mwendo wa farasi wa siku moja. Mnacheka farasi, ila swali la umbali lipo palepale. Baraza la mkoa ndilo linalolipa posho ya wazee wasiojiweza na posho ya wasio na kipato, linatunza barabara za vijijini, majengo ya shule za sekondari za awali na watoto walio chini ya ulinzi. Sehemu kubwa ya pesa zake za kujitegemea hutoka kwenye kodi ya mauziano ya nyumba. Hapo ndipo Creuse inapobanwa: wazee ni wengi mno, na nyumba ni za bei ya chini kiasi kwamba Waingereza wamekuwa wakizinunua kwa mapumziko. Matumizi yanapanda, mapato yanalala. Ukifuta baraza, wazee hawafutiki. Watahudumiwa na mtu aliye mbali zaidi, basi.

Na umbali huo tumeshauona. Hadi 2015 makao makuu ya kanda yalikuwa Limoges, jirani kabisa. Tangu Januari 2016 kanda za Ufaransa ya bara zimeunganishwa kutoka 22 hadi 13, na sasa Creuse iko ndani ya Nouvelle-Aquitaine, kanda kubwa kuliko nchi ya Austria, yenye makao yake Bordeaux. Mfugaji wa Aubusson, mji wa Creuse, akafuate nini Bordeaux?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, umeandika vizuri ila unatetea viti. Watu 120,000, baraza la wajumbe 30, na juu yake mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais pamoja na ofisi zake. Lyon tangu 2015 jiji lenyewe linafanya kazi za mkoa. Alsace wameunganisha mabaraza mawili kuwa moja mwaka 2021. Mbona hawakufa? Halafu angalia uwakilishi: Creuse ina maseneta wawili. Mayotte, kisiwa cha Ufaransa hapa jirani zetu, waliopiga kura ya kuwa mkoa kamili mwaka 2009 na kuupata 2011, wana watu zaidi ya 300,000 na maseneta wawili hao hao. Huo ndio usawa?

MLETA MADA:
Lyon ni jiji tajiri lililojikata kutoka mkoani kwake, huwezi kulipeleka Guéret kama mfano. Alsace ni sahihi zaidi, lakini wale walidai kuungana wenyewe baada ya kumezwa na kanda kubwa. Hilo la maseneta nakubaliana nawe, ni kasoro. Ila ndilo pia jibu la kwa nini mikoa haifutwi: imetajwa kwenye kifungu cha 72 cha Katiba, kubadili Katiba kunahitaji Seneti, na maseneta wanachaguliwa kwa wingi na madiwani wa vijiji. Nani atakata tawi alilokalia?

MCHANGIAJI WA PILI:
Naishi Ufaransa. Mleta mada amepamba sana, karuka jambo zito. Kati ya 1962 na 1984, watoto wasiopungua 2,015 walitolewa Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambako wengi asili yao ni Madagascar na pwani yetu hii, wakapelekwa mikoa ya bara iliyokuwa ikiishiwa watu. Michel Debré, mbunge wa Réunion tangu 1963, ndiye aliyeusukuma mpango. Wazazi wengine waliambiwa watoto wanakwenda kusoma na watarudi likizo. Hawakurudi. Wapo waliofanyishwa kazi mashambani bila malipo. Creuse ilipokea kama mmoja kati ya kumi, lakini kituo cha mapokezi kilikuwa Guéret, na Wafaransa mpaka leo wanawaita "watoto wa Creuse". Bunge lilikiri wajibu wa kimaadili wa taifa Februari 2014, miaka 30 baadaye. Huo ukaribu wa mkoa uliwasaidia nini?

MLETA MADA:
Umegusa penyewe. Lakini wakati ule huduma za watoto zilikuwa chini ya dola moja kwa moja, kwa amri kutoka juu. Mabaraza ya kuchaguliwa yalikabidhiwa madaraka hayo kwa sheria za ugatuzi, kuanzia 1982. Waliochora ramani Paris waliona huku watoto wamezidi, kule vijiji ni vitupu, wakajaza. Hata Creuse haikuulizwa. Sisemi wenyeji hawakuona kitu, waliona. Nasema maamuzi ya mbali ndiyo yaliyofanya hivyo, nami naogopa kuyarudisha mbali.

Na watu wa kule si wa kukaa kimya. Oktoba 2004, viongozi 263 wa kuchaguliwa wa Creuse walijiuzulu kwa pamoja kupinga kufungwa kwa ofisi za hazina vijijini. Machi 2005 maelfu waliandamana Guéret, na Hollande, wakati huo kiongozi wa Wasoshalisti, akapigwa kwa mipira ya theluji.

MCHANGIAJI WA TATU:
Ofisi zilifungwa au hazikufungwa? Zilifungwa, na nyingine zikafuata. Mei 2017 wafanyakazi wa GM&S, kiwanda cha vipuri vya magari mjini La Souterraine, walitishia kulipua kiwanda chao, ndipo Macron akaja na mpango maalumu wa Creuse. Sasa tazama mbunge wao, maana tangu 2012 wana mmoja tu badala ya wawili: 2012 Msoshalisti, 2017 mfugaji wa chama cha Macron, 2022 mwanamama wa mrengo mkali wa kushoto, 2024 mshirika wa Marine Le Pen wa mrengo mkali wa kulia. Chaguzi nne, vyama vinne. Baraza lipo muda wote huo, mkuu. Kama ndilo linalowasikiliza, mbona wanabadilisha kila safari?