Mauna Kea, 1964 hadi 1970: kipi kilitangulia, barabara, vipimo au darubini?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za Mauna Kea, mlima wa volkano ulioko katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, wenye urefu wa mita zipatazo 4,205 kutoka usawa wa bahari. Leo kileleni pana darubini za mataifa mengi, zikiwamo mbili za Keck zenye vioo vya upana wa mita 10, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 hapakuwa na barabara ya kufika juu wala umeme. Kinachonitatiza ni mpangilio wa mambo. Mwenye fedha hawezi kukubali kuchonga barabara kabla ya kujua kwamba anga la mahali hapo linafaa, na mpimaji naye hawezi kulipima anga hilo kabla ya kuvifikisha vifaa vyake kileleni. Fundo hilo lilifunguliwaje? Tena, kwa nini mwanaastronomia Gerard Kuiper, ambaye hutajwa kila mara kuwa ndiye aliyeugundua ubora wa mlima huo, siye aliyejenga darubini kubwa ya kwanza?

Jibu la kwanza

Ndugu, waliotangulia kulishika fundo hilo hawakuwa wanaastronomia, bali wafanyabiashara. Mwezi Mei 1960 tsunami iliyotokana na tetemeko kubwa la ardhi nchini Chile iliupiga mji uitwao Hilo, ulioko katika kisiwa hicho, ikaua watu 61 na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Katika kutafuta shughuli mpya ya kuinua uchumi wa kisiwa, Mitsuo Akiyama wa chama cha wafanyabiashara wa huko aliviandikia vyuo vikuu vya Marekani na Japani, akivieleza sifa za kilele cha Mauna Kea. Kuiper, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Arizona, ndiye aliyeitikia kwa vitendo. Tayari alikuwa akikichunguza kilele cha Haleakala katika kisiwa jirani cha Maui, ambacho hufunikwa na mawingu mara kwa mara, na kutoka huko aliweza kuiona Mauna Kea ikiwa imechomoza juu ya mawingu hayo.

Gavana wa Hawaii, John Burns, akatoa dola 42,000, na mwaka 1964 tingatinga likachonga njia ya vumbi hadi juu. Kwa hiyo barabara ilitangulia, lakini ilikuwa barabara ya kupimia tu: njia mbovu, ya gharama ndogo, iliyotosha kupitisha gari lenye vifaa. Serikali ilikubali kuhatarisha fedha kidogo ili ijue kama inafaa kuhatarisha nyingi, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa na busara kuliko uamuzi mwingine wowote wa miaka ile.

Baada ya hapo kuba dogo lenye darubini ya kioo cha sentimita 31 hivi liliwekwa juu ya Puʻu Poliʻahu, mojawapo ya vilima vya majivu ya volkano vilivyo karibu na kilele. Alika Herring, fundi stadi wa kusugua vioo vya darubini na mtazamaji mwenye jicho kali, alikesha akipima jinsi taswira ya nyota inavyotulia. Hicho ndicho kipimo cha msingi. Nyota humetameta kwa sababu mwanga wake hupita katika hewa yenye joto lisilo sawa, na hewa ikivurugika, hata kioo kikubwa huleta taswira iliyotawanyika. Mauna Kea imesimama peke yake katikati ya bahari, hivyo upepo huufikia mlima ukiwa haujavurugwa na milima mingine. Zaidi ya hayo, mbali chini ya kilele hutanda tabaka la hewa yenye joto ambalo huzuia mawingu na unyevu wa baharini kupanda. Vipimo vilimridhisha Kuiper kiasi kwamba, katika uzinduzi wa Julai 1964, alisema huenda hapo ndipo mahali bora kuliko pote duniani kwa kuchunguza Mwezi, sayari na nyota.

Jibu la pili

Naongezea sehemu ya pili ya swali. Kuiper alitarajia kwamba NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lililohitaji darubini ya kuchunguza sayari ili kusaidia safari za vyombo vyake, lingemkabidhi kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kilijitokeza. Hata hivyo NASA iliichagua Hawaii, chuo kikuu ambacho wakati huo kilikuwa kichanga katika astronomia, kwa pendekezo lililoongozwa na John Jefferies, mtaalamu wa Jua kutoka Australia. Kuiper alihuzunika sana, na sioni ajabu, kwa kuwa jasho la mwanzo lilikuwa lake. Pamoja na hayo, naona uamuzi ule ulikuwa na mantiki: kituo cha namna hiyo huhitaji watu wanaoishi karibu nacho, wanaoweza kupanda mlima kila kifaa kinapoharibika, na jambo hilo ni gumu kwa taasisi iliyo ng'ambo ya bahari.

Ujenzi wa darubini hiyo, yenye kioo cha upana wa mita 2.2, ulianza mwaka 1967, nayo ikaanza kazi mwaka 1970, ikiwa miongoni mwa darubini za kwanza za kitaalamu kuongozwa na kompyuta. Tusidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Kileleni shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu, kichwa huuma, na mtu hufanya makosa katika hesabu ambazo kwa kawaida zisingemshinda. Theluji na barafu zilisimamisha kazi majira ya baridi, umeme ulitoka kwenye jenereta, na maji yalipandishwa kwa malori. Kutokana na hali hiyo kambi ya kulala iliwekwa Hale Pōhaku, kwenye mita zipatazo 2,800, ili miili izoee na watu wapate usingizi wa kweli.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Sasa mpangilio umenikalia sawa. Nabaki na jambo moja tu: wenyeji wa Hawaii walishirikishwa vipi katika maamuzi hayo?

Jibu la tatu

Kwa uchache mno, na hilo ndilo pengo kubwa katika historia hii. Kwa Wahawaii wa asili Mauna Kea ni mahali patakatifu panapohusishwa na Wākea, baba wa anga, na Poliʻahu, mungu wa kike wa theluji, ambaye kilima kilichowekwa kuba la vipimo kina jina lake. Mlimani pana makaburi ya kale na machimbo ambako wahenga walichonga mashoka ya mawe. Mwaka 1968 jimbo lilikikodishia chuo kikuu eneo la kilele kwa miaka 65, katika kipindi ambacho wapimaji walitafuta ushauri kuhusu upepo, mvuke wa maji na gharama, lakini si kuhusu mambo haya. Malalamiko ya wawindaji na watunza mazingira yalisikika tangu miaka ya 1970, darubini zilipoanza kuongezeka, na upinzani wa wenyeji ulipamba moto mwaka 2015 na tena 2019, walipoifunga njia ya kupandia ili kuzuia ujenzi wa darubini ya mita 30. Mwaka 2022 jimbo lilitunga sheria ya kuunda mamlaka mpya ya kuusimamia mlima, yenye viti vya Wahawaii wa asili. Mkataba ule wa 1968 unafika mwisho mwaka 2033, na masharti ya kukaa kileleni baada ya hapo yatajadiliwa na mamlaka hiyo.