Naomba ushauri: kava la albamu, nitumie kaki au kadi nyeupe?

Dizaina wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbeya, kazi zangu za kila siku ni kadi za harusi, mabango na lebo za asali. Sasa nimepata kazi niliyoitamani miaka yote: kasha la albamu ya dada mmoja anayeimba pop. Hana lebo wala meneja, anajilipia kila kitu. Anataka kitu cha kushikika, auze kwenye shoo zake Mbeya na Iringa. Ni kasha la kadi la kukunja, CD upande mmoja, kijitabu cha mashairi upande wa pili, na ndani namba ya kupakulia nyimbo kwa asiye na mashine ya CD.

Nimekwama kwenye karatasi. Msanii anataka kaki kwa kuwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo wanatengeneza kaki na yeye anataka kazi inukie kwetu kusini. Mimi moyo uko kwenye kadi nyeupe ya gramu 300 yenye laminesheni (ule utando wa plastiki wa juu) isiyong'aa. Kava ni picha moja tu ya zamani, ya mwanamke, nyeusi na nyeupe. Usingizi sipati. Naombeni majibu ya haraka.

Fundi Mashine
Mkuu, kaki haina weupe. Mashine ya kuchapa ya ofseti ya kawaida haichapi nyeupe. Palipo peupe kwenye picha ni karatasi yenyewe inayoonekana, kwa hiyo ukiweka sura ya mtu kwenye kaki, macho na meno yote yanakuwa kahawia. Labda utangulize wino mweupe chini, na hapo bei inaruka. Kaki ipe maandishi na michoro ya mistari, itapendeza. Picha ipe kadi nyeupe.

Hiyo gramu 300 ipigwe mstari wa mkunjo kwanza ndipo ikunjwe, na mkunjo ufuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi. La sivyo rangi inapasuka mgongoni, pale pale jina la albamu linaposomwa likiwa rafuni. CD ni milimita 120, ipe mfuko nafasi ya kupumua, na acha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu.

Ila hiyo haraka ni ya nini? Pleti za kuchapia zimeshatoka?

Mzee wa Santuri
Vijana mnanikumbusha mbali. Santuri ndogo za inchi 7 nyingi zilikuja kwenye bahasha tupu yenye tundu katikati, unasoma lebo kupitia pale. Hakuna picha, hakuna nini, na wimbo tuliujua kwa moyo. Zikaja kanda. Pale Mwanjelwa kijana anakurekodia upande A na B, jina la bendi anaandika kwa kalamu ya wino. Nilikuwa na moja, shemeji akaazima kwenda nayo Tunduma. Hadi leo.

Mama Kihesa
Shikamoo mzee. Mimi naona tatizo ni vijana kutumia hela kwenye makava. Huyo binti angenunua hata shamba la parachichi Njombe.

Sauti ya Rungwe
Mama, si kila hela ni ya parachichi 😂

Binti wa Mafiati
Kaka dizaina, aya nzima umeeleza karatasi, mwanamke wa kwenye picha umempa maneno mawili. Ni nani huyo?

Dizaina wa Uyole
Ni picha ya familia ya msanii. Haina shida. Fundi, ndaga fijo kwa maelezo. Je, laminesheni itahimili unyevu wa huku?

Fundi Mashine
Itahimili, ila ukilaminisha upande mmoja tu kadi inaweza kujikunja hewa ikibadilika. Pleti hujanijibu.

Binti wa Mafiati
Na mimi hujanijibu. Familia ni nani? Yuko hai?

Dizaina wa Uyole
Sawa. Ni mama yake mzazi. Yuko hai, anaishi Tukuyu. Ujanani aliimba kwenye bendi ya dansi, baadaye akaokoka, na habari za muziki hazitaki kabisa kusikia. Msanii aliikuta picha ndani ya Biblia ya mama, akaipiga kwa simu. Mama hajaambiwa. Na ndiyo, pleti zimetoka.

Kabla hamjanishambulia: albamu nzima inamzungumzia huyu mama. Nimejaribu ua, nimejaribu Mlima Loleza, nimejaribu uso wa msanii mwenyewe. Vyote ni mapambo. Hii picha ndiyo albamu. Na mteja ndiye aliyeileta, mimi ni nani nimkatalie?

Mama Kihesa
Mzazi ni mzazi. Picha aliyoificha kwenye Biblia unaipeleka ukumbini kwa walevi?

Msema Kweli
Hii chai, na sukari imezidi. Bendi ya dansi, Biblia, Tukuyu, mama kaokoka… Nani anachapisha CD siku hizi? Mleta mada ndiye msanii, anatupasha moto kabla ya albamu. Wiki ijayo utaona linki hapa.

Sauti ya Rungwe
Hata mimi nilihisi. Weka picha tuamini.

Dizaina wa Uyole
Picha siweki, na nadhani mnaelewa kwa nini. Ninachoweza kusema: kona ya chini kulia imeliwa na unyevu. Ameshika maikrofoni kwa mikono miwili, na kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa. Nilikuwa nimeanza kukifuta kile kitambaa kwenye kompyuta nikaacha. Nyuma kuna muhuri wa studio, jina halisomeki vizuri.

Msema Kweli
Mtunzi mzuri wewe.

Karani Mstaafu
Iwe kweli iwe chai, atakayesoma na ana jambo kama hili anufaike. Hapo kuna ruhusa mbili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, picha ni kazi inayolindwa, na haki huanzia kwa aliyeipiga, si kwa aliyepigwa. Huo muhuri ufuatilieni, mkikwama ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ruhusa ya pili ni ya mama, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwanaye hawezi kumsemea.

Fundi Mashine
Na pleti isikutishe. Gharama kubwa ni karatasi, wino na kumalizia, na hayo bado. Jalada la nje ni karatasi yake, kijitabu ni karatasi yake. Chapa kijitabu, jalada lisubiri.

Dizaina wa Uyole
Nimempigia msanii. Jumamosi anakwenda Tukuyu na sampuli niliyokunja kwa mkono, ya kadi nyeupe. Kiwandani nimewaambia waendelee na kijitabu peke yake. Bado nasema hakuna picha nyingine inayoweza kukaa pale mbele. Mama akikataa, kava litakuwa kaki yenye jina tu, kwa wino mweusi, bila sura ya mtu.

Binti wa Mafiati
Akishamuonesha, utuambie mama alisema nini. Sio kuhusu karatasi.

Mzee wa Santuri
Hiyo bendi iliitwaje? Isije ikawa namfahamu.