Mrejesho: mdogo wangu katoa ushahidi kwa ubao wake

Niliuliza kama naweza kumtafsiria mdogo wangu mahakamani. Ana mtindio wa ubongo, hatamki maneno, huongea kwa kuonyesha picha na herufi kwenye ubao. Mlioniambia nisijaribu, mlikuwa sahihi.

Hakimu alinikatalia pale pale: mimi ni ndugu, tena shahidi. Nilinuna, ila upande wa pili ungesema maneno ni yangu. Wakili wetu akaandika ombi, akataja Ibara ya 13 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, inayotaka taratibu zirekebishwe ili nao waweze kutoa ushahidi. Akapatikana mtaalamu wa mawasiliano asiye na upande, akala kiapo.

Kazi ilikuwa ubao. Ulikuwa na "maji", "choo", "nimechoka", lakini hauna "sijui", "sijaelewa" wala "umekosea". Yaani miaka yote hiyo hatukumpa njia ya kutubishia! Yakaongezwa, na mawakili wa pande zote wakaukagua.

Siku yenyewe maswali yalikuwa mafupi, moja moja. Wakili wa utetezi alijisahau, akakanusha mara mbili katika swali moja: "Si kweli kwamba hukumwona?" Mtaalamu akasimamisha, swali likaundwa upya. Mapumziko yalikuwa kila nusu saa, maana shingo humkaza.

Ilichukua karibu asubuhi nzima. Swali la mwisho alionyesha "umekosea", mara mbili, na hakimu akaandika. Hukumu bado.