Nimetoka VETA Mbeya, naanza uanagenzi kwenye hanga la ndege. Naombeni ushauri

Kijana wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Uyole, miaka 21. Nimemaliza ufundi magari VETA, nikashika spana gereji moja pale Mafiati, kazi zangu zilikuwa Fuso na Noah. Sasa nimepata nafasi ya uanagenzi kwenye hanga la ndege ndogo Arusha, naripoti mwezi ujao. Ndege zenyewe ni Caravan. Mimi ndege nazionaga zikishuka Songwe, kwa mbali.

Mjomba anasema niuze pikipiki ninunue boksi la spana, eti fundi bila vifaa anadharaulika. Ni kweli? Halafu nijiandae na nini kabla sijafika? Na hili la leseni likoje, maana nasikia unaweza kuishia kuosha ndege miaka yote. Naomba kuwasilisha, matusi hapana.

Mlima Viazi
Dogo ungebaki na Fuso. Hela ya Fuso unaishika jioni ile ile. Huko utasukuma matairi mpaka mvi.

Fundi wa Hanga
Mkuu hapo juu mwache kijana.

Mdogo wangu, pikipiki usiuze. Hanga lenye utaratibu lina kabati lake la vifaa. Kila spana ina kitanda chake kilichokatwa kwa umbo lake, ukiitoa unaacha jina, jioni kabati linakaguliwa. Kikikosekana hata kibisibisi, ndege haitoki mpaka kionekane, kwa sababu kinaweza kuwa kimelala kwenye nyaya za usukani. Sasa wewe ukija na boksi lako lisilo na orodha, umewaletea kazi. Piga simu uulize utaratibu wao. Nunua viatu vigumu, tochi ya kichwani, vizibo vya masikio na daftari. Basi.

Kitakachokutesa ni mkono wa gereji. Mafiati tunakaza nati mpaka mkono useme inatosha. Huku manuali ndiyo inasema, na spana ya toki ndiyo inapima. Kota pini, ile pini ya kuzuia nati isilegee, ikishatoka haina kurudi, hata kama bado imenyooka. Waya wa kufungia boliti nao hautumiki mara ya pili: unasokotwa mizunguko 6 hadi 8 kwa inchi, na lazima uvute boliti upande wa kukaza. Ukiuelekeza upande wa kulegeza umefunga urembo. Tafuta kipande cha waya na boliti mbili zenye tundu, anza kujifunza huko huko Uyole.

Kuna tukio la Uingereza, tarehe 10 Juni 1990, British Airways safari namba 5390. Saa 27 kabla ya safari hiyo kioo cha mbele upande wa rubani kilibadilishwa. Msimamizi wa shifti, mtu mzoefu, alichukua boliti ya zamani akatafuta za kufanana nayo kwa macho, orodha ya vipuri hakuifungua. Kati ya boliti 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba kwa inchi 0.026. Hiyo ni chini ya milimita moja! Ndege ikapanda, ilipofika futi 17,300 kioo kikang'oka na rubani akavutwa nje kiwiliwili, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka msaidizi wake alipotua Southampton. Alipona. Ona sasa: aliyefunga zile boliti hakuwa mwanagenzi, alikuwa bosi. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka tu, zinafanana", omba namba ya kipuri. Kwa adabu, lakini omba.

Binti Kihesa
Kamwene! Naongezea kuhusu leseni, hapo kaka wengi wanapotea.

Hapa kwetu leseni inatoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni umri usiopungua miaka 18 na uzoefu wa miaka minne, au miwili kama umepitia kozi iliyoidhinishwa. Ndiyo maana wengine wanaanzia NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, Dar. Uzoefu wenyewe ni ule ulioandikwa. Kila kazi uliyoshika iingie kwenye kitabu chako: tarehe, usajili wa ndege, umefanya nini, sehemu ya manuali, na sahihi ya injinia aliyekusimamia. Saini iombwe wiki hiyo hiyo. Nimeona kijana anazunguka kumtafuta injinia aliyeshahamia nchi nyingine, kazi zote zile hazina shahidi.

Na Kiingereza usikikimbie. Manuali hazina Kiswahili, na neno moja la "usi" ukiliruka umegeuza maana nzima.

Kuosha ndege usikudharau pia. Anayeosha ndiye wa kwanza kuona riveti, ile pini inayoshikanisha mabati ya ndege, inayovuja weusi pembeni, maana yake imelegea inacheza.

Kijana wa Uyole
Asanteni sana wakubwa zangu. Swali: nikidondosha nati ndani ya injini na injinia ni mkali, ndege inasubiriwa na watalii, nafanyaje?

Fundi wa Hanga
Unasema hapo hapo, kwa sauti. Usianze kuitafuta kimya kimya ukidhani utaipata. Utafokewa, sawa. Injinia mkali anakuwa mkali zaidi akiambiwa baada ya injini kuwashwa. Na wewe mwanagenzi hutoi ndege, anayeiachia kwa saini yake ni mwenye leseni, hivyo haki ya kujua ni yake.

Kabla hujafika soma injini ya PT6, ndiyo ya Caravan. Itakuchanganya kidogo: hewa inaingilia nyuma ya injini, moshi unatokea mbele karibu na propela. Ukishaelewa njia ya hewa, mengine yanafuata. Na propela usiikatize hata ikiwa imesimama. Pete vua, mnyororo vua.

Mlima Viazi
Haya nimenyoosha mikono. Dogo, Arusha Juni na Julai kuna baridi, ila wewe wa Uyole hutaona kitu. Chumba tafuta cha karibu na kiwanja, maana shifti za alfajiri hazina daladala.

Binti Kihesa
Kweli hiyo. Na uliza kwenye simu hiyo hiyo kama ovaroli wanatoa wao, wengine wanakata kwenye posho.