Zenith, Pietenpol au Long-EZ ya mtumba? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

KipangaMN
Wakuu salaam. Niko Minneapolis, ni fundi magari, leseni ya urubani nimeipata mwaka jana. Nimechoka kukodi ndege kwa saa, nataka yangu. Gereji ya nyumbani inaingia gari mbili, ila nafasi moja ni ya mama watoto, hiyo haijadiliwi. Nimebaki na tatu. Zenith CH 750, ya alumini, unanunua vipande vimeshakatwa na kutobolewa. Pietenpol Air Camper, ya mbao, unanunua ramani tu. Na kuna Long-EZ ya mtumba, imeshajengwa. Nimetumiwa picha, inang'aa balaa. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Bibi_Ribiti
Karibu mwanangu. Mimi nilijenga Zenith 701, mdogo wake hiyo 750. Uzuri wake, ribiti (vipini vya kuunganisha mabati) ni za kuvuta. Unaingiza, unavuta kwa bunduki ya upepo, imeshika. Saa nne usiku unafanya peke yako. Ndege nyingi za RV, za kampuni ya Van's, zinatumia ribiti za kugonga: mmoja anapiga, mwingine anakaa upande wa pili ameshikilia kipande cha chuma. Niliwahi kumshikia rafiki chuma hicho siku moja, masikio yakalia hadi kesho yake.

Usinunue seti nzima kwanza. Nenda kiwandani kwao. Mji unaitwa Mexico ila uko Missouri, usije ukakata tiketi ya Cancun. Wana darasa la siku mbili, unajenga usukani wa mkia kwa mikono yako na unaondoka nao. Kazi isipokupendeza, utautundika ukutani.

MbaoTupu
Shikamoo Bibi, lakini Zenith haina sura. Ni kabati lenye mabawa.

Kipanga, uko Minnesota, na Pietenpol imezaliwa huko huko, Cherry Grove. Bernard Pietenpol aliifungia injini ya gari, Ford Model A, mwishoni mwa miaka ya 1920. Miaka ya 1960 akajaribu ya Chevrolet Corvair, na watu wanaitumia mpaka leo. Fundi magari mzima unatafuta nini tena? Mbao unanunua kidogo kidogo, mshahara ukitoka.

Bibi_Ribiti
Marahaba. Kabati langu linatua shambani, lako lina paa?

KipangaMN
Hahaha. Mkuu Mbao, vipi gundi? Gereji haina hita, na Januari ya huku mnaijua.

MbaoTupu
Hapo umenishika. Gundi ya epoksi kwenye baridi ile haikauki inavyotakiwa. Mbavu za bawa nilijengea jikoni, kwenye kalibu juu ya meza, ubavu mmoja kwa siku. Na kila ukichanganya gundi, gundisha pia vipande viwili vya mabaki, kesho yake uvivunje. Mbao ikipasuka na gundi ikabaki imeshika, uko sawa. Ikiachia gundi, kazi ya jana yote rudia. Muda? Hesabu miaka, ukiwa na watoto wadogo ndiyo kabisa.

Mwewe_Wilson
Nipo Nairobi. Wanasema CH 750 inanyanyuka ndani ya futi 100 hivi. Sawa, kwa usawa wa bahari. Uwanja wa Wilson uko juu zaidi ya futi 5,500. Hewa nyepesi, injini inapungua nguvu, propela haishiki vizuri, bawa nalo linadai mbio zaidi. Kama una ndoto ya kuileta nyumbani, onana na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla kontena halijaingia baharini.

KokiKwanza
Naona wote mnaikwepa Long-EZ. Ni ndege nzuri, sibishi. Burt Rutan aliibuni, ikaruka mara ya kwanza 1979. Bawa dogo mbele, propela nyuma, mbio ambazo hizo nyingine hazizioti. Lakini kila iliyopo imejengwa na mtu wake, kwa akili yake.

John Denver, mwimbaji, alinunua ya mtumba mwaka 1997. Aliyeijenga alikuwa ameihamisha koki ya kuchagua tangi la mafuta. Kwenye ramani iko mbele, rubani anaifikia kirahisi. Yeye akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia lazima uachie usukani, ujigeuze mwili mzima, na ukijigeuza mguu wa kulia unakandamiza pedali inayogeuza pua ya ndege bila kujua. Ilianguka kwenye Ghuba ya Monterey, Oktoba 12, na wachunguzi waliitaja koki hiyo. Kwa hiyo muulize muuzaji: nini hapa hakiko kwenye ramani? Picha zinakuonyesha rangi. Chini ya rangi ni povu na faiba, na hukuwepo wakati mjenzi anachanganya gundi yake.

Halafu kuna karatasi. Ukijenga sehemu kubwa mwenyewe, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inaweza kukupa cheti cha kukagua ndege hiyo hiyo kila mwaka. Ukinunua iliyojengwa, cheti cha mjenzi hakiji nayo. Kama huna cheti kingine kinachokubalika, kila miezi 12 unamlipa fundi ndege mwenye leseni aje asaini. Wewe fundi, umlipe fundi mwenzako?

Bibi_Ribiti
Koki kasema kweli. Na ukimaliza kujenga, saa za majaribio, mara nyingi 25 hadi 40, hupakii abiria. Nyumbani waambie mapema, mimi wajukuu walininunia.

KipangaMN
Asanteni sana. Mwenye Long-EZ nilimuuliza swali la Koki. Alijibu kwa kunitumia picha nyingine tatu, nikamwambia hapana. Darasa la Missouri nimejiandikisha. Ila jana mama watoto kasoma uzi huu wote, akaniuliza ubavu wa Pietenpol una urefu gani. Nikamwambia futi tano. Akaenda kupima meza ya jikoni.