Chumba cha kupanga hakilaliki kwa joto: kitanda nikiweke wapi?

Mpangaji wa Tabata
Ndugu zangu, nimepanga chumba cha futi 10 kwa 12 chenye dirisha moja linalotazama magharibi. Kitanda, tano kwa sita, nimekiegemeza kwenye ukuta huo wa dirisha, na kabati limeziba nusu ya dirisha lenyewe. Tangu Desemba iingie sipati usingizi kabla ya saa 8 usiku, kwani ukuta wa kichwani huwa wa moto na pangaboi linazungusha joto lilelile. Kiyoyozi sikiwezi. Nipange vipi?

Fundi Mstaafu
Ndugu, adui yako ni ukuta huo. Tofali la saruji likipigwa na jua la alasiri hufyonza joto, kisha hulitoa ndani taratibu usiku, wakati hewa ya nje imekwisha kupoa, nawe umelaza kichwa hapo hapo. Hamishia kitanda kwenye ukuta unaopakana na jirani, ukiache shubiri moja hivi ili hewa ipite. Kabati lirudi magharibi, pembeni mwa dirisha. Nguo hazikosi usingizi. Mwenye nyumba akiridhia, tundika mkeka nje ya dirisha, maana jua lililozuiwa kabla ya kugusa kioo halikusumbui kama lile linalozuiwa na pazia likiwa limeshaingia.

Mama wa Kinondoni
Naongeza kuhusu pangaboi: halipoozi hewa, hukausha jasho tu, kwa hiyo chumba kikifungwa halina msaada mkubwa. Miezi hii upepo wa kaskazi haulifikii dirisha la magharibi. Jua likizama, fungua mlango na uweke feni ya kusimama dirishani ikitazama nje, isukume joto litoke na hewa ya uani iingie. Chandarua usikiache kwa kisingizio cha joto; tumia cha pembe nne, kikitanuliwa vizuri.

Jirani wa Mbagala
Mlango wazi usiku, dada yangu? Kwetu utaamka huna hata hiyo feni. Afadhali aombe tundu juu ya mlango, liwekwe nondo na wavu.

Mpangaji wa Tabata
Nashukuruni. Kitanda nimekihamisha jana na saa 5 nilikuwa nimeshalala, isipokuwa sasa nasikia redio yote ya jirani. Tundu la mlango nitalizungumza na mwenye nyumba siku ya kodi.