Depo ya mbao ya babu hapa Goma, historia yake tuiandike namna gani?

Bandugu, naomba ushauri. Tuko na depo ya mbao hapa Goma, babu njo aliianzisha, akaiachia papa na ndugu zake, sasa iko mu mikono yetu wajukuu. Tunataka kuandika historia yake juu watoto wakuje kuijua, lakini makaye (madaftari) na mafakitiri (risiti za mauzo) yote yaliungua na lava ya volkano Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, hata mashini ya kupasulia ilibakia pale chini ya mawe. Kisha ile moto watu walijenga tena nyumba za mbao juu ya lava, njo pale biashara ilikomaa kabisa, hiyo hakuna mwenye anabisha.

Shida iko nyuma ya pale. Papa mkubwa anasema babu alianza na mikaratusi ya Masisi, akiuzishia wale wanatengeneza chukudu (kinga za mbao za kubebea mizigo), shangazi yeye anakataa, ati ilikuwa libuyu (mti wa pori) ya Walikale tangu mwanzo, na kila mmoja ana mwaka wake (wakikutana kwa matanga ni kelele tu).

Mwenye alishafanya kazi kama hii alianzia wapi? Niende kwa maseremala wazee wenye walikuwa wanamununulia, ao nitafute karatasi za patente (ruhusa ya biashara) kwa ofisi za leta, ni kusema serikali? Na wakipingana niandike zote mbili ao nichague moja? Nawarekodi na telefoni, lakini papa mkubwa akiiona tu anaanza kuongea Kifaransa ya ki-bosi, mambo yenyewe hasemi tena, nifanye aje?